Kimya, Taarifa au Saini: Njia Tatu za Kumshirikisha Mzazi Kabla ya Somo la Kubaleghe

Muhula wa kwanza ukianza, vyama vya wazazi vya shule za umma hapa Malindi huwa na swali ambalo kila mtu anajua litaletwa na hakuna anayetaka kulileta yeye. Mwalimu wa sayansi akifikia mfumo wa uzazi, asomeshe tu kama anavyosomesha usagaji wa chakula, au wazazi waambiwe kwanza? Na wakiambiwa, yatosha kujua, au mtoto asiingie darasani mpaka mzazi atie saini?

Njia ni hizo tatu, na kila moja ina watetezi wenye hoja. Mimi ni mama mwenye watoto katika shule ya umma na nimo kwenye kamati ya chama cha wazazi, kwa hiyo nimezisikia zote zikitetewa, tena na watu ninaowaheshimu. Nataja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime njiani: kwa shule nyingi za umma za hapa, naona inayofaa ni taarifa ya mapema inayompa mzazi haki ya kumtoa mtoto kwenye vipindi fulani, mradi taarifa hiyo isitegemee karatasi. Zipo shule ambazo ningezishauri zichague vingine, nazo nitazitaja.

Kinachofundishwa hasa ni kipi?

Mabishano mengi huharibika hapa. Mmoja anazungumzia kitabu kilicho mkobani mwa mtoto, mwenzake anazungumzia video aliyotumiwa kwenye simu, iliyorekodiwa nchi ya mbali. Katika mtaala wetu wa umilisi hakuna somo linaloitwa elimu ya ujinsia. Yaliyopo yametawanyika. Mfumo wa uzazi wa binadamu na mzunguko wa hedhi vimo kwenye sayansi ya gredi ya saba. Maadili, usafi na heshima vimo kwenye Dini ya Kiislamu na ya Kikristo. Mengine huachiwa mwalimu wa ushauri nasaha. Stadi za maisha ziliingizwa shuleni mwaka 2008, lakini kwa kuwa hazikutahiniwa, kipindi chake kilikuwa cha kwanza kumezwa na hisabati mtihani ukikaribia.

Vipimo vya mafundisho tunavyoweza kulinganisha ni vya aina tatu. Kuna cha sayansi pekee: viungo, homoni, yai, mbegu, mimba. Kuna cha stadi na maadili: kukataa, kusubiri ndoa, kuchagua marafiki. Na kuna kile kipana cha UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, mwongozo uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018, unaoanzia watoto wa miaka 5 hadi 8 na kupanda rika kwa rika mpaka miaka 18 na zaidi, ukiwa na mada kuu nane, zikiwemo mahusiano, jinsia, usalama dhidi ya ukatili, na afya ya uzazi. Desemba 2013, jijini Cape Town, mawaziri wa elimu na afya wa mashariki na kusini mwa Afrika, wa Kenya wakiwemo, waliahidi kuisogeza elimu ya aina hiyo mashuleni. Viongozi wengi wa dini wameipinga, na mimi siwashangai. Ndani ya mwongozo huo mna mambo ambayo mzazi wa Malindi, awe Mwislamu au Mkristo, hatayakubali, na ana haki ya kusema hivyo bila kuitwa mshamba.

Lakini hebu tufungue daftari la mtoto. Kilichomo ni kipimo cha kwanza na chembe ya cha pili. Wazazi tunagombana juu ya kipimo cha tatu, ambacho madarasa yetu mengi hayajakiona, huku jambo ambalo sote tungelikubali bila ubishi likikosekana. Jambo hilo ni usalama wa mtoto. Msichana wa gredi ya saba anaweza kukuchorea mirija ya uzazi na kuiandika majina yote, lakini muulize afanye nini jirani akimshika, atakutazama tu.

Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu ya mji wenyewe tunaoishi. Malindi ni mji wa ufuo na mahoteli. Wageni huja na pesa, na si wote wanaokuja kwa nia njema. Kuna bodaboda anayembeba mwanafunzi bure kutoka Ganda mpaka shuleni wiki nzima, na wiki ya pili anadai malipo yake. Kuna disko matanga, ambako watoto hukesha kwa jina la kuchangia mazishi. Mwaka 2018 kaunti yetu ya Kilifi ilitajwa nchi nzima kwa mimba za wasichana. Idadi iliyotangazwa ilizidi 13,000 kwa mwaka. Kitaifa hali imepungua kidogo: utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta asilimia 18 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 15. Kidogo hicho hakimfuti machozi mama ambaye wake yumo kwenye hiyo 15.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imesema wazi. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo hukumu yake ni kifungo cha maisha; wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20; wa 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Watoto wetu hawafundishwi hayo. Wanachokiona ni wazee wakikaa barazani, familia mbili zikielewana, mbuzi au pesa zikitoka, na jambo likimalizwa nyumbani. Nambari 116, ya kupiga bure kuripoti dhuluma dhidi ya mtoto, ingestahili kuandikwa kwenye kila jalada la daftari.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tuchague kipimo kipi, jibu langu ni fupi: sayansi yote iliyomo kitabuni, maadili ya dini zetu kama yalivyo, na usalama uongezwe kwa wote tangu madarasa ya chini. Yaliyobaki ndiyo ya kujadiliana na mzazi, na hapo sasa ndipo zinapoingia zile njia tatu.

Njia ya kimya

Hii ndiyo inayotumika zaidi, kwa kuwa haihitaji uamuzi wa mtu. Mwalimu hufuata ratiba, akafundisha, akaendelea na somo jingine.

Utetezi wake mzuri kuliko wote niliusikia kwa mwalimu mmoja mkongwe, aliyefundisha sayansi mpaka mvi zikamjaa. "Mama," aliniambia, "nikiomba ruhusa ya kufundisha mji wa mimba, kesho nitaombwa niombe ruhusa ya figo na ya moyo. Huu ni mwili alioumba Mungu. Ukishaanza kuomba radhi kwa kuutaja, mtoto atajifunza kwamba ni aibu." Ana haki kwa sehemu kubwa. Hata kule wazazi walikopewa haki nyingi za kuwatoa watoto, sayansi ya mwili imewekwa kando. Uingereza mzazi hawezi kumtoa mtoto kwenye somo la sayansi. Kalifonia, sheria ya elimu ya ujinsia inayotumika tangu Januari 2016 imesema masharti yake hayahusu maelezo na michoro ya viungo vya uzazi iliyomo kwenye vitabu vya biolojia.

Tatizo la kimya huja usiku. Baba anarudi kutoka baharini, anataka kuona kama mwanawe ameandika kazi ya nyumbani, anafungua daftari na kukutana na mchoro wa uume uliochorwa kwa penseli, umetiwa mishale na majina, na chini yake alama ya vyema ya mwalimu kwa wino mwekundu. Hakuna aliyemwandaa. Anaupiga picha, anautuma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp na maneno matatu: "Ndiyo mnayofundisha?" Kufika alfajiri mchoro umeshazunguka mpaka Watamu, na kila ulipopita umeongezewa chumvi. Nimeona jambo la namna hii likitokea. Mwalimu, binti mdogo aliyetoka chuoni, hakuwa na kosa hata moja, lakini wiki ile aliingia darasani akitetemeka, na vipindi viwili vilivyobaki vya mada ile havikufundishwa. Waliopoteza ni watoto.

Wenzetu wa mbali wamepita huko. Mwaka 2019, mbele ya shule moja ya msingi mjini Birmingham, Uingereza, wazazi, wengi wao Waislamu, waliandamana wiki baada ya wiki kwa sababu ya masomo ya usawa yaliyogusa familia za watu wa jinsia moja. Mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Shule ikayasimamisha masomo hayo na kuketi mezani na wazazi. Mada ile na mada zetu haziko sawa hata kidogo, lakini mwendo wa ugomvi ni uleule: mzazi akijua mambo kwa kushtukia, hasikii tena kilichofundishwa, anasikia tu kwamba alifichwa.

Njia ya saini

Hapa mtoto haingii darasani mpaka mzazi akubali kwa maandishi. Jimbo la Arizona nchini Marekani linaifuata njia hii: bila idhini ya mzazi iliyoandikwa, hakuna elimu ya ujinsia kwa mtoto, na sheria ya 2021 ilizuia somo hilo lisianze kabla ya darasa la tano.

Kwenye mikutano yetu njia hii hupigiwa makofi. Nawaelewa wanaopiga. Inasema malezi ni ya mzazi kwanza, na mwalimu ni msaidizi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliiweka hivi: binti yangu nikimpeleka kwa somo wake, yaani kungwi, afundwe, namchagua kungwi huyo mimi, shule imenichagulia nani? Swali hilo ni zito na halistahili kujibiwa kwa dharau.

Lakini ukiileta Malindi njia hii inaanza kuvuja, na inavuja mahali pabaya.

Barua yenyewe, kwanza, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mzima, ikapewa mtoto wa miaka 12 aifikishe. Bibi anayemlea mjukuu kule ndani hajui kusoma Kiswahili, sembuse Kiingereza. Baba yuko Mombasa kibaruani. Mama anauza samaki tangu asubuhi na akirudi usiku karatasi imeshalowa maji ya ndoo. Wapo watoto wanaojitilia saini wenyewe, na walimu wanaojua hivyo wakanyamaza. Ukihesabu mwishoni, fomu zilizorudi ni za watoto ambao wazazi wao wana nafasi, wamesoma, na kwa kawaida wameshazungumza nao nyumbani. Wale ambao fomu zao hazikurudi wametolewa nje ya darasa bila mtu yeyote kuamua kwamba watoke.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na naiandika kwa uchungu. Wapo watoto wanaoumizwa ndani ya nyumba, na anayewaumiza ni huyohuyo ambaye saini yake inahitajika. Baba wa kambo. Mjomba aliyempokea baada ya mazishi ya mama. Njia ya saini inampa mtu huyo ufunguo wa darasa ambalo mtoto angesikia kwa mara ya kwanza kwamba anachofanyiwa ni uhalifu na kwamba kuna pa kusemea. Watetezi wa saini wanaponijibu kwamba hao ni wachache, nawauliza kama wachache hao si watoto wetu.

Kwa haki ya njia hii, kuna mahali inafaa sana. Watoto wenye ulemavu wa akili wanahitaji kuzungumziwa mmoja mmoja, kwa maneno na picha zinazolingana na uelewa wao, na mzazi lazima awe mezani tangu mwanzo kwa sababu ndiye atakayerudia somo hilo nyumbani kila siku. Hapo idhini haiwi kikwazo, inakuwa mwanzo wa kazi ya pamoja. Na akiletwa mgeni kutoka nje ya shule, wa shirika ambalo hatulijui, anayetaka kuwahoji watoto au kuwapiga picha, mimi mwenyewe nitadai saini.

Njia ya taarifa na haki ya kumtoa

Hapa shule inamwambia mzazi mapema nini kitafundishwa, lini, na nani. Inamwonyesha vifaa. Asiposema kitu, mtoto anabaki darasani. Akisema hataki, mtoto anatolewa bila adhabu wala kuulizwa sababu.

Kalifonia imeiandika sheria hii kwa ukali kuliko wengi: wazazi huarifiwa mwanzoni mwa mwaka wa shule, huruhusiwa kuviona vitabu na video, huambiwa kama mfundishaji ni mwalimu wa shule au mgeni, na anayetaka kumtoa mtoto hufanya hivyo kwa maandishi. Mgeni akipangwa baada ya mwaka kuanza, taarifa itoke angalau siku 14 kabla. Tena shule imekatazwa kudai saini ya kukubali kwanza. Kimya cha mzazi kinahesabiwa kuwa mtoto abaki. Uingereza, tangu Septemba 2020, elimu ya mahusiano ni lazima kwa shule za msingi na mzazi hawezi kumtoa mtoto humo. Anachoweza kuomba ni mtoto atolewe kwenye sehemu ya elimu ya ngono, na ombi hilo kwa mwanafunzi wa sekondari hukubaliwa kwa kawaida mpaka mihula mitatu kabla hajatimiza miaka 16. Baada ya hapo kijana mwenyewe akitaka kusoma, asomeshwe. Shule pia hulazimika kushauriana na wazazi inapoandika sera yake.

Tofauti ya hizo mbili inatufaa kuitazama. Waingereza wameligawa somo: hiki ni cha wote, hiki mzazi anaweza kukikataa. Wamarekani wa Kalifonia wametilia mkazo muda na uwazi: siku ngapi, nani anakuja, kifaa kipi. Mimi ningechukua mgawanyo wa kwanza na uwazi wa pili.

Wapo wanaodhani haki ya kumtoa mtoto ni njama ya kuiua elimu yenyewe. Wazazi wa kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Waislamu na Wakristo pamoja, waliifikisha kesi yao mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu vitabu vya hadithi vyenye mada za ushoga vilivyosomewa watoto wadogo. Hawakuomba vitabu vichomwe. Waliomba waarifiwe na waruhusiwe kuwatoa watoto wao, na Juni 2025 mahakama ikakubali wapewe nafasi hiyo kesi ikiendelea. Nimeitaja kesi hii kwa sababu mashehe na mapasta wengi wa hapa, ukiwakalisha chini, wanadai hichohicho: tuambieni kwanza, na msitulazimishe.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni mkubwa. Inategemea taarifa kumfikia mzazi. Taarifa isipofika, ni njia ya kimya iliyovishwa kanzu.

Jinsi taarifa inavyofika kweli

Kwenye chama chetu tulijaribu kuachana na barua. Mwalimu wa sayansi alirekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, ukatumwa kwenye kundi la darasa, na kwa wasio na simu ya maana mwakilishi wa mtaa akapita nyumbani kwao kuwaeleza. Nauandika hapa karibu kama ulivyokuwa, ili shule nyingine ziutumie zikipenda:

"Assalamu alaykum, na hamjambo nyote wazazi wa gredi ya saba. Ni mwalimu wa sayansi. Kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo tutakuwa na vipindi vinne kuhusu mwili wakati wa kubaleghe. Cha kwanza ni viungo vya uzazi na kazi zake, kama vilivyo kitabuni. Cha pili ni hedhi, usafi, na ndoto za usiku kwa wavulana. Cha tatu atakuja muuguzi wa kituo cha afya kueleza magonjwa ya zinaa na maswali kuhusu mimba. Cha nne ni usalama: nani haruhusiwi kukushika, na ukishikwa umwambie nani. Kipindi cha kwanza, cha pili na cha nne ni vya watoto wote. Kipindi cha muuguzi, mzazi asiyetaka mtoto wake awepo aniambie tu, kwa simu au kwa mdomo, sitauliza sababu. Ijumaa saa nane mchana, baada ya swala, nitakuwa darasani na kitabu pamoja na picha zote. Njooni mzione kabla ya watoto."

Ile ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Waliokuja Ijumaa walikuwa akina mama kwa wingi, mabibi kadhaa, na ustadhi wa madrasa ya jirani. Walipita picha moja moja. Bibi mmoja, mwenye sifa ya ukungwi mtaa mzima, aliinua kile kitabu, akakitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, haya mimi huyasema kila mwaka, ila mimi huyasema kwa ngoma." Mwalimu alimwamkia "Shikamoo, bibi," akamwomba akae mbele. Mazungumzo yalibadilika kuanzia hapo. Ikawa sasa ni nani aseme nini: kitabu kieleze mwili, bibi aeleze utu uzima, ustadhi aeleze twahara, usafi wa ibada.

Na ustadhi ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Aliwakumbusha wazazi kwamba watoto wa madrasa wameshazisikia hedhi, nifasi (damu ya baada ya kujifungua) na janaba (hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kuswali) kwenye fikihi, somo la sheria za ibada, kabla hata ya gredi ya saba, maana mlango wa kwanza wa fikihi ni twahara. Aliisoma aya ya 222 ya Suratul Baqara, ambamo Mtume aliulizwa kuhusu hedhi na jibu likateremshwa bila kuficha. Akataja maneno ya Bi Aisha, mke wa Mtume, akiwasifu wanawake wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Mzazi aliyekuja kugomba alitoka akiuliza kwa nini wavulana hawafundishwi zaidi.

Swali hilo lina uzito wake. Kwenye shule zetu somo la kubaleghe bado hugeuzwa kuwa somo la wasichana. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali itoe sodo bure kwa wasichana wa shule za umma waliobaleghe, na sodo zinapokuja wasichana hukusanywa, wakafungiwa darasani na mwalimu wa kike, huku wavulana wakipelekwa uwanjani kucheza mpira. Wanarudi na kucheka. Mvulana hajui kwa nini dada yake amelala na tumbo, hajui kwamba kuamka nguo zimechafuka si ugonjwa, na hajaambiwa na mtu mzima hata mmoja kwamba msichana akisema hapana, ni hapana. Shule ikitaka kutenga vyumba kwa ajili ya staha, sawa, itenge, nami naunga mkono. Lakini vyumba viwe viwili na walimu wawe wawili.

Kwa hiyo shule yenu ichague ipi?

Shule ya umma yenye watoto wengi, wazazi wa dini tofauti, na walezi ambao wengi wao si wazazi wa kuzaa, ichague taarifa ya sauti na haki ya kumtoa mtoto kwenye kipindi kilichotajwa. Gharama yake ni bando la intaneti na jioni moja ya mwalimu. Shule ndogo ya kijijini ambako mkutano wa wazazi hujaa mpaka watu wanasimama nje, haihitaji hata simu: jambo lielezwe mkutanoni, vitabu vipitishwe mikononi, liishe. Shule ya bweni iwaarifu wazazi siku ya kufungua muhula, wakiwa wamewaleta watoto, kwa kuwa ndiyo siku pekee wanapopatikana. Kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kifuate idhini ya mzazi mmoja mmoja, kama nilivyosema. Njia ya kimya ningeikubali kwa kitu kimoja tu, sayansi iliyomo kitabuni, na hata hapo mwalimu hapotezi chochote kwa kuwaambia wazazi wiki ya mchoro inakaribia.

Bodi za usimamizi na vyama vya wazazi vimetambuliwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi ili kupanga haya. Kinachohitajika ni uamuzi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, wenye mambo manne: vipindi vipi ni vya wote, kipi mzazi anaweza kukikataa, taarifa itolewe siku ngapi kabla, na nani ataitoa.

Lipo na la tano, ambalo shule nyingi hulisahau: mtoto aliyetolewa anakwenda wapi? Kwenye shule moja aliwekwa chini ya mwembe peke yake, na wenzake wote wakamwona kupitia dirishani. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyethubutu tena kuitumia haki yake, na walimu wakadhani wazazi wameridhika. Mtoto wa namna hiyo apelekwe maktaba au darasa jingine, apewe kazi ya maana, aketi na mwalimu anayemjua. Sababu ya kutolewa kwake isitajwe mbele ya darasa. Na orodha ya waliotolewa ikae kwa mwalimu wa ushauri nasaha peke yake, asiyeona haya kumwita baadaye kimyakimya na kumuuliza kama nyumbani yote ni salama.